Hakuna Atakayekupangia: Ushauri kwa Anayekwenda Kusoma Insia Katika Chuo Kidogo cha Marekani

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL au HGL, yaani historia na Kiingereza pamoja na Kiswahili au jiografia, amezoea kupangiwa. Matokeo ya kidato cha nne yalimpangia tahasusi, baraza la mitihani likampangia muhtasari, shule ikampangia ratiba, na ndugu na majirani wamekwisha kumpangia kazi: atakuwa mwalimu, na akibahatika atakuwa wakili. Kisha anapata nafasi na ufadhili katika chuo kidogo cha Marekani, na kabla hajamaliza kufungua begi mshauri wake wa masomo anamuuliza: muhula huu ungependa kusoma nini?

Swali hilo huwakwamisha wengi kuliko baridi na kuliko Kiingereza. Vyuo hivi vimejengwa juu ya kuchagua, nasi shule zetu zimetulea katika kupangiwa. Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa, wa fedha, wa kozi, wa insha na wa ajira, una shina moja: nenda ukiwa tayari kuchagua, na ujue kila chaguo linagharimu nini. Anayesubiri kupangiwa atarudi na cheti kizuri asichojua cha kukifanyia.

Vyuo vyenyewe

Marekani kuna vyuo vikuu vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, na kando yake kuna vyuo vidogo vinavyoitwa vya sanaa huria, ambavyo karibu wanafunzi wake wote ni wa shahada ya kwanza. Amherst na Williams viko Massachusetts, Swarthmore karibu na Philadelphia, Grinnell katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, Bowdoin huko Maine, Carleton na Macalester huko Minnesota. Kila kimoja kina wanafunzi wapatao elfu mbili. Hakuna jeshi la wanafunzi wa uzamivu la kumsaidia profesa kusahihisha. Insha yako anaisoma mwenyewe. Darasa la falsafa laweza kuwa na watu kumi na wawili waliozunguka meza moja.

Insia ni fani zinazomchunguza mwanadamu kupitia maandishi, kumbukumbu na sanaa zake: fasihi, historia, falsafa, dini, lugha, muziki, tamthilia. Katika vyuo hivi hazijatengwa na sayansi kwa ukuta. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, akiambiwa kwamba ushairi haumhusu anaweza kuchukua biolojia na ushairi katika muhula mmoja. Mwanamazingira Wangari Maathai alisoma kwa mtindo huo. Aliondoka Kenya mwaka 1960, katika wimbi la wanafunzi lililotokana na juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, akaingia Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wanawake mjini Atchison, Kansas. Alihitimu mwaka 1964 katika biolojia, na pembeni alikuwa amesoma kemia na Kijerumani. Miaka michache baadaye utafiti wa uzamivu ulimpeleka Ujerumani.

Fedha kabla ya falsafa

Bei inayotangazwa na vyuo vingi vya aina hii imepita dola 85,000 kwa mwaka, ada, chumba na chakula vikijumlishwa. Ni zaidi ya shilingi milioni 200 za Tanzania, au karibu milioni 11 za Kenya, kwa mwaka mmoja kati ya minne. Usiikimbie bei hiyo, wala usiidharau. Vyuo vyenye mfuko mnene hupanga ufadhili kulingana na uwezo wa familia, na mtoto wa mkulima anaweza kulipiwa karibu kila kitu. Lakini mgeni hana haki ya kupata misaada ya serikali ya Marekani, hivyo fedha yake sharti itoke chuoni kwenyewe au kwa wafadhili binafsi.

Hapo ndipo vyuo vinapotofautiana. Amherst na Bowdoin huamua nani aingie bila kuangalia uwezo wa familia, hata kwa waombaji wa kigeni, kisha huziba pengo lote la mahitaji. Vingine vingi ni vikarimu, ila hupiga hesabu kwanza, na ombi la msaada mkubwa laweza kupunguza nafasi yako. Berea, huko Kentucky, hakitozi ada ya masomo kwa yeyote. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Wahitimu wa UWC East Africa, shule iliyoko Moshi na Arusha, wana mlango wa ziada: mpango wa Davis huchangia ufadhili wa waliosoma shule za UWC katika vyuo washirika vya Marekani.

Barua ya ufadhili ikifika, isome na mzazi mstari kwa mstari. Tenga ruzuku, ambayo hairudishwi, na mkopo, ambao utakufuata. Tenga pia kazi ya chuoni, ambayo ni nafasi ya kufanya kazi na haimo mkononi mwako mpaka uifanye. Halafu andika barua pepe kuuliza yasiyotajwa. Bima ya afya analipa nani? Nauli ya ndege? Mabweni yakifungwa Desemba nitalala wapi? Ada ikipanda mwaka wa pili, ufadhili nao unapanda? Uliza na habari ya kodi. Sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato, na mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hukatwa asilimia 14 ya sehemu hiyo. Baadhi ya vyuo huubeba mzigo huo. Vingine hukutumia ankara inayoweza kuzidi dola elfu mbili.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Fedha hiyo ni ya vitabu, sabuni na koti. Usiondoke nyumbani ukiwa umemwahidi mdogo wako karo, kwa sababu ahadi hiyo ndiyo itakayokusukuma kwenye vibarua vya nje visivyoruhusiwa, na viza ikivunjika masomo yamekwisha.

Kuhusu viza yenyewe, jiandae kulipa dola 350 za SEVIS, mfumo unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za maombi, na usilipe kabla ya kusoma taarifa za karibuni za ubalozi. Kanuni hubadilika ghafla: mwaka 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vilivyogusa viza za wanafunzi wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo. Kwenye dirisha la usaili huenda ukaulizwa, falsafa ya nini? Jibu lako liwe fupi na la kweli: unataka kusoma nini, kwa nini chuo kile, na utaitumia wapi ukirudi.

Na kama pengo linalobaki ni dola elfu kumi kwa mwaka, na baba ameanza kuulizia mnunuzi wa shamba, kataa nafasi hiyo. Dar es Salaam, Makerere na Nairobi kuna idara za historia, fasihi na falsafa zenye walimu waliobobea, na nyingi ya kazi ninazozieleza hapa chini zinafanyika hata huko kwa mwanafunzi anayeamua kumtafuta mhadhiri wake. Omba tena mwaka unaofuata ukitaka. Shamba haliombwi tena.

Kozi thelathini na mbili

Katika vyuo vingi vya aina hii shahada ni kozi 32 hivi: nne kwa muhula, mihula minane. Fani yako kuu, ambayo kwa kawaida huitangazi mpaka mwishoni mwa mwaka wa pili, hula kama theluthi ya hizo. Zinabaki kozi zaidi ya ishirini, na hata pale chuo kinapoweka masharti ya kugusa nyanja mbalimbali, kozi yenyewe unaichagua wewe. Amherst na Grinnell huenda mbali zaidi: kozi ya lazima kwa wote ni semina ya mwaka wa kwanza, basi.

Kosa lililozoeleka ni kurudia tahasusi ya nyumbani: historia ya Afrika, fasihi ya Afrika, siasa za Afrika. Alama zitakuwa nzuri na muhula utakuwa umepotea nusu. Muhula wa kwanza ningekushauri hivi: semina ya kuandika, lugha mpya, kozi moja yenye namba, na kozi moja ya kile unachokipenda.

Lugha ianze mapema kwa sababu inachukua miaka kabla haijakusomea chochote. Anayetaka kuandika historia ya pwani yetu atakwama bila Kiarabu au Kireno, na anayetaka kuichimba Tanganyika ya kabla ya 1914 atakuta majalada ya watawala yako kwa Kijerumani. Namba, hasa takwimu, zinakupa kitu ambacho wanafunzi wengi wa insia hawana: uwezo wa kusoma sensa, bei na bajeti bila kumtegemea mtu. Baadaye kidogo ongeza kozi moja isiyokuhusu hata chembe, kama tamthilia za Ugiriki ya kale au ushairi wa China. Akili hupanuka inapokutana na kitu isichokuwa na majibu yake ya tayari.

Katika juma la kwanza au mawili vyuo vingi huruhusu kuongeza na kuacha kozi. Tumia nafasi hiyo. Ingia madarasa sita, ubaki na manne. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu swali moja tu: nani hurudisha insha zikiwa na maoni marefu pembeni? Mfuate huyo, hata kama kozi yake haina jina la kuvutia. Mwalimu anayekusoma kwa makini ndiye kitu adimu unachokwenda kukipata huko.

Utakutana pia na mzigo usioutarajia. Darasani, likitajwa bara lako, macho yatageuka kwako. Huwezi kusemea nchi zaidi ya hamsini, na usijaribu. Sema ulichokisoma, sema ulichokiona mtaani kwenu, na pale usipojua sema hujui.

Insha ndiyo mtihani

Huko hakuna baraza la mitihani. Katika kozi nyingi za insia alama zako zitatokana na insha tatu au nne na ushiriki wako darasani. Na insha wanayoitaka si ile tuliyofundishwa.

Chukua Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mtahiniwa wetu akiulizwa sababu zake anaanza na utangulizi, anapanga hoja sita, kodi, pamba ya kulazimishwa, ukatili wa maakida na kadhalika, kisha anahitimisha. Hoja sita, alama zake sita. Profesa wa chuo kidogo anaweza kukupa ripoti moja ya ofisa wa kikoloni, kurasa nne, akakuuliza: huyu mwandishi anaficha nini, nawe umejuaje? Hapo orodha haikusaidii. Unatakiwa kutoa dai moja ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga, kisha ulitetee kwa maneno ya ripoti yenyewe, na ukabili hoja ya yule anayepinga kabla hajakuuliza.

Njia nzuri ya kujizoeza ni kuandika dai hilo kwa Kiswahili kwanza, sentensi moja. Kiingereza cha kitaaluma kina msamiati mzito unaoweza kuficha utupu, na mgeni huukimbilia ili aonekane hodari. Dai likikataa kueleweka kwa Kiswahili chepesi, bado hujalifikiri vya kutosha.

Kusoma nako kuna mbinu. Si ajabu kozi moja kudai kurasa mia au zaidi kwa juma, nawe una kozi nne. Kitabu cha historia anza na utangulizi na sura ya mwisho, ujue mwandishi anabishana na nani, ndipo uamue sura zipi uzisome neno kwa neno. Shairi ni kinyume: mistari kumi na minne yaweza kula saa nzima, na ukiisoma haraka hujaisoma. Kila ukimaliza kusoma, andika swali moja pembeni. Swali hilo ndilo tiketi yako ya kusema darasani siku inayofuata.

Vyuo vingine vimeipeleka kazi hii mbali sana. Williams kina kozi za wanafunzi wawili na profesa mmoja: juma hili mmoja anasoma insha yake na mwenzake anaikosoa, juma linalofuata wanabadilishana. Hakuna pa kujificha. Ukikubaliwa chuo chenye kozi ya namna hiyo, ichukue angalau mara moja.

Kituo cha uandishi kipo karibu katika kila chuo, bure, na nyumbani tungekidhania ni cha wanaofeli. Wanaokitumia zaidi ni wanafunzi hodari. Peleka rasimu juma la pili, siyo usiku wa mwisho.

Halafu kuna wizi wa kitaaluma. Kwetu mwanafunzi anayerudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo husifiwa kwa kumbukumbu. Huko mistari mitatu isiyotajwa chanzo yaweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu, na mgeni anayesimamishwa masomo anahatarisha viza yake. Taja chanzo kila mara. Kuhusu akili mnemba, kila profesa ana kanuni zake na huziandika kwenye mpango wa kozi; usipoziona, uliza. Lakini hata pale inaporuhusiwa, kumbuka umevuka bahari kujifunza kuandika. Mashine ikiandika kwa niaba yako, yenyewe ndiyo iliyofanya zoezi.

Adabu ibaki, ukimya uondoke

Tumelelewa kumstahi mkubwa kwa kunyamaza mbele yake. Profesa wa huko huusoma ukimya huo vingine: hukusoma, au huna la kusema. Mwite Profesa na jina lake la ukoo mpaka akuambie vinginevyo, salimia, shukuru, na kisha mpinge. Unaweza kumpinga kwa adabu zote: nimekusikia, lakini ukurasa wa arobaini mwandishi anasema kinyume.

Kila profesa hutenga saa za kuonana na wanafunzi. Nenda juma la pili, kabla hujawa na tatizo, ukiwa na swali moja juu ya ulichosoma. Dakika kumi na tano zinatosha. Ukifanya hivyo kwa walimu watatu kwa miaka minne utakuwa na watu watatu wanaoweza kuandika barua ya kukupendekeza yenye mifano, badala ya barua isemayo kwamba ulihudhuria. Hao ndio pia watakaokunong'oneza habari za fedha za utafiti wa likizo, kwani fedha hizo mara nyingi zipo na waombaji ni wachache.

Darasani jiwekee sharti la kusema mara moja ndani ya robo saa ya kwanza, hata sentensi moja uliyoiandaa usiku. Woga hukua kadiri unavyongoja.

Na usikiache Kiswahili uwanja wa ndege. Amherst, Smith, Mount Holyoke na University of Massachusetts hushirikiana, mwanafunzi wa kimoja akiweza kusoma kozi za vingine, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa katika ushirika huo. Ulizia kazi ya kuwasaidia wanafunzi katika mazungumzo. Zaidi ya hapo, Kiswahili kinakufungulia vyanzo ambavyo wenzako hawawezi kuvigusa. Chuo cha SOAS, London, kimeweka mtandaoni miswada ya Kiswahili, mingine tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Tasnifu ya mwaka wa nne ikikaribia, tafuta mada ambamo lugha yako inakutanguliza mbele ya kila mtu chumbani. Mwigizaji Lupita Nyong'o aliposoma katika chuo cha Hampshire kazi yake ya kuhitimu ilikuwa filamu, In My Genes, juu ya maisha ya Wakenya wenye ualbino. Alichagua jambo la nyumbani ambalo aliweza kuliendea kwa karibu, akalifanyia kazi kwa zana alizozipata chuoni.

Baada ya mwaka wa nne

Uamuzi wa ajira ufanyike mwaka wa pili, wakati kozi bado zinabadilika. Ukitaka uzoefu wa kazi Marekani, jua kwamba kanuni zilivyo sasa humpa mhitimu wa insia miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo, na mhitimu wa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati anaweza kuongezewa 24. Ndiyo maana wengine husoma fani kuu mbili, historia pamoja na hisabati, au fasihi pamoja na kompyuta. Ni mzigo mzito, lakini ukiuanza mapema unabebeka.

Ukitaka uwakili nyumbani, tahadhari. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwetu shahada ya sheria ndiyo mlango wa Shule ya Sheria, iwe Dar es Salaam au Nairobi. Shahada ya falsafa, hata ya chuo mashuhuri, haitakufikisha huko peke yake. Ualimu wa sekondari nao unadai mafunzo ya ualimu. Hakikisha pia chuo kina ithibati, na weka nakala za maelezo ya kozi zako zote, kwa kuwa Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania na taasisi wenzake hutambua shahada za nje kwa nyaraka, na majina ya kozi kama historia ya hisia huhitaji maelezo.

Ukitaka kuendelea na masomo, shahada ya uzamivu Marekani mara nyingi huanza moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na programu nzuri za insia hulipa ada na posho. Upo pia ufadhili wa Watson, ambao huwalipia wahitimu wa vyuo washirika, wageni wakiwemo, mwaka mmoja wa kusafiri nje ya nchi zao kwa mradi waliobuni wenyewe.

Popote utakapoelekea, mwajiri hataajiri neno insia. Atataka kuona ripoti uliyoandika, tafsiri uliyofanya, mahojiano uliyoyakusanya, takwimu ulizozichambua. Kwa hiyo kila muhula weka akiba ya kazi moja unayoweza kumwonyesha mgeni bila aibu. Kazi nane zilizokamilika zitakusemea kuliko maelezo yoyote kuhusu umuhimu wa fasihi.

Mzazi naye ana sehemu yake. Akipiga simu kwa kawaida huuliza afya, chakula na alama. Aongeze swali: muhula huu umechagua nini, na umeacha nini ili ukipate? Mtoto akibabaika, wazungumze mpaka jibu lipatikane, kwa sababu muhula hauna subira na dirisha la kubadili kozi hufungwa mapema.